Yai la Nana na Mkono Wangu wa Kushoto

Mwalimu Gyebi alitufundisha kwamba duniani kuna kani za aina mbili. Ya kwanza ni ya mguso. Lazima kitu kiguse kingine ndipo jambo litokee, kama kusukuma mlango, kuvuta kamba, au viatu kusuguana na sakafu ili usiteleze. Ya pili haihitaji mguso. Dunia inavuta embe lianguke bila kulishika, sumaku inavuta msumari ikiwa bado iko mbali, na kalamu ya plastiki ukiisugua kwenye nywele inainua vipande vya karatasi kabla haijavifikia. Tuliandika yote. Halafu, kwa kuwa yeye ni mwalimu anayependa mifano, akanionyesha mimi mfano wa kila aina. Alinitazama, na mkono wangu wa kushoto ukaweka kalamu chini wenyewe. Hiyo ni kani isiyo ya mguso. Nilipojisahau nikaishika tena, akaja na rula. Hiyo ni ya mguso.

Serikali ilishapiga marufuku fimbo shuleni, na mwalimu Gyebi anaheshimu sana sheria. Ndiyo maana anatumia rula, ambayo si fimbo, kwa sababu ina sentimita.

Huku kwetu mkono wa kushoto una kazi moja tu, na kazi hiyo inafanyiwa chooni. Hutoi kitu nao, hupokei nao, hata mgeni akikuuliza njia humwonyeshi nao. Ikitokea wa kulia umeshika kitu, unasema kwanza, "Samahani, ni wa kushoto," ndipo unatoa. Bibi yangu anauza mayai ya kuchemsha na pilipili pale stendi ya malori, na samahani hiyo anaitoa siku nzima, maana mkono mmoja unamenya na mwingine unapaka pilipili. Nilipokuwa mdogo alinifunga mkono wa kushoto na kitambaa miezi minne ili usahau tabia yake. Alinifunga kwa upendo, na fundo lilikuwa zuri. Siku aliyoufungua, mkono ukaendelea palepale ulipoishia.

Basi mimi, Fosuaa, naandika kwa mkono usiotakiwa, na mdomo wangu nao hausaidii. Si mtu wa kusema. Darasani nikijua jibu naliandika pembeni mwa daftari, halafu namsikiliza Ampomah akisema jibu lisilo sahihi kwa sauti nzuri. Ampomah anakaa dawati la mbele. Ana sauti, ana mabega, na ana mkono wa kulia. Mwalimu anasema atafika mbali.

Siku moja mwalimu akatangaza maonyesho ya sayansi. Nana, yaani chifu wetu, angekuja mwenyewe kuangalia, na angemchagua mwanafunzi mmoja aende chuo kikuu cha mji wa Kumasi kwa wiki mbili, kwenye mafunzo ya likizo ndani ya maabara ya kweli. Sijui kwa wengine, lakini mimi nilipolisikia neno maabara sikusikia tena lililofuata. Maabara yetu ni kabati. Ufunguo wake ulipotea kabla sijazaliwa, na inaaminika kwamba ndani mna kipimajoto. Kila mwaka tunachora kipimajoto hicho ubaoni kwa heshima.

Nikaanza kutengeneza kitu changu. Nilichukua kopo la sadini, nikalitia magurudumu ya vifuniko vya soda, na tumboni nikalibandika misumari miwili ya chuma. Sumaku niliipata kwenye spika kubwa iliyopasukia kwenye mazishi ya mjomba wa jirani. Spika za mazishi kwetu hupasuka sana, maana huzuni lazima isikike hadi mji wa pili. Halafu nikapata ubao mwembamba, nikachora juu yake mji wetu, stendi, soko, kanisa na kasri la Nana. Ukipitisha sumaku chini ya ubao, gari linatembea juu barabarani bila kuguswa na mtu. Mgongoni mwa gari niliweka yai la bibi. Sikuligundisha. Msuguano na kitambaa kidogo ndivyo vilivyolizuia lisiviringike, na dunia ilikuwa inalivuta chini muda wote ikisubiri nikosee. Karibu kani zote za somo zilikuwa juu ya kopo moja la sadini. Sijisifu, nasema tu kilichokuwepo.

Kwa mkono wa kushoto gari lilikwenda kama bi harusi.

Mwalimu Gyebi alilitazama likizunguka soko mara mbili. Niliona kabisa kwamba amelipenda. Kisha akaona mkono. Akaniuliza kama nina mpango wa kuuchukua mkono huo na kuuweka mbele ya Nana. Nikauficha mgongoni, pamoja na sumaku. Akaniambia nijaribu wa kulia. Nikajaribu. Gari likapanda ukuta wa kanisa, likageuka, likaingia kasri la Nana kupitia chumba cha kulala, na yai likapasuka mlangoni. Nilijaribu siku nne. Mayai matano yalipotea, na bibi akauliza kama sayansi hii inaliwa na mkate.

Ndipo mwalimu akapata wazo, na lilikuwa wazo la mwalimu kweli. Ampomah angesimama mbele aeleze. Ampomah huyohuyo angeliweka yai kwenye gari. Ubao wangu ungekaa juu ya meza iliyotolewa uso wake, ikizungushiwa kitambaa kirefu cha kanisani hadi sakafuni, na mimi ningekaa chini yake na sumaku yangu.

"Chini ya meza mkono hauna upande," akasema. "Na wewe mwenyewe hupendi watu wakutazame. Nakusaidia."

Nikauliza, kwa sauti ambayo nadhani ilitoka, kama Nana akilipenda gari, atakayekwenda Kumasi ni nani. Mwalimu akaniambia tusitangulize mambo. Kesho yake kadi ya maelezo ilikuwa imebandikwa mezani, na juu yake kulikuwa na jina la Ampomah kwa maandishi makubwa. Langu sikuliona. Labda nalo lilikuwa chini ya meza.

Nikamwendea Ampomah wakati wa mapumziko nimpe maelezo, maana kama gari langu lingeelezwa, angalau lielezwe sawa. Nikamwambia dunia inavuta kwenda chini, lakini kinachosogeza gari ni sumaku. Akaniambia nisiwe na wasiwasi, yeye akisimama maneno huja yenyewe. Hilo ndilo lililonitia wasiwasi.

Siku ya maonyesho tuliambiwa Nana atafika saa tatu, kwa hiyo alifika saa sita, ambayo kwa chifu ni mapema. Nilikuwa chini ya meza ukumbini tangu saa tatu kasoro robo. Nilisikia baragumu, nikasikia ngoma, nikainua kidogo pindo la kitambaa, nikaona ndala kubwa nyeusi za Nana zikipita polepole na viatu vya wazee nyuma yake. Mwalimu mkuu alisalimia kwa muda mrefu. Mimi mguu mmoja ulikuwa umekufa ganzi na mwingine unaufuata.

Lazima niseme kuhusu mzee Bediako, maana bila yeye nisingekuwa na cha kusimulia. Mbele ya Nana mtu haongei na Nana. Unamwambia msemaji wake, na msemaji anamfikishia, hata kama Nana amekaa hatua mbili kutoka kwako na amesikia vizuri sana. Msemaji wetu ni mzee Bediako. Ana fimbo ndefu, na juu ya fimbo kuna mkono wa dhahabu umeshika yai. Kazi yake ni kuyachukua maneno yako yaliyochakaa na kumpelekea Nana yakiwa yamepigwa pasi.

Walipofika meza yetu, Nana akaketi na wazee nyuma yake, na Ampomah akaanza. Kwa kweli alikuwa na sauti. Alisema gari hili litamletea Nana zawadi ya shule bila kuguswa na mtu. Nikasikia yai likiwekwa. Akagonga meza mara mbili, ndiyo ilikuwa ishara, na mkono wangu wa kushoto ukaanza kazi. Sikuona gari, lakini ubao nilikuwa naujua kama njia ya kwetu. Nikalitoa stendi, nikazunguka soko, nikapita kanisa bila kuligusa, nikalileta hadi ukingo wa meza alipoketi Nana. Watu wakaguna kwa raha. Nana akalichukua yai, likiwa zima.

Hapo mambo yangeishia, na Ampomah angekuwa Kumasi. Ila Nana, kabla hajakalia kigoda cha uchifu, alikuwa fundi wa mitambo kwenye migodi ya dhahabu miaka kumi na saba, na hilo mwalimu Gyebi alilisahau. Nana akasema jambo kwa sauti ya chini, na mzee Bediako akalirudia kwa sauti ya kusikika sokoni: Nana anauliza ni nini kinachosukuma gari.

"Ni kani ya mvutano wa dunia," akasema Ampomah.

Chini ya meza nilifumba macho.

Mzee Bediako akasema Nana anashukuru, ila Nana anakumbuka kwamba dunia huvuta kwenda chini, na angependa kujua lini ilianza kuvuta kwenda kwenye kasri lake. Ampomah akasema inategemea na uzito wa gari. Nana akamwomba asogee akasimame mlangoni, mbali na meza, halafu aiambie dunia irudishe gari stendi. Ampomah akaenda mlangoni. Sasa mimi nifanye nini? Nisipolirudisha, gari langu linaonekana bovu. Nikalirudisha. Likaenda taratibu hadi stendi, likaegesha.

Watu wakacheka. Ndala nyeusi zikasogea kidogo, na mzee Bediako akasema, kwa upole kabisa, kwamba Nana anaiomba dunia itoke chini ya meza.

Nikatoka. Sikutoka vizuri. Mguu ulikuwa na ganzi, nikatanguliza kichwa, kisha mkono, na mkono uliotangulia ulikuwa ule, na ndani yake kulikuwa na sumaku ya spika yenye ukubwa wa sahani ya chai. Nikasimama mbele ya chifu, wazee wake, walimu na shule nzima, kitambaa cha kanisa kikiwa kimenikaa begani kama padri.

Hakuna aliyecheka. Walikuwa wanatazama mkono, kisha yai lililo mkononi mwa Nana, kisha mkono.

Mzee mmoja mnene aliyeketi nyuma ya Nana akakohoa. Akasema anaomba kuelewa. Shule imempa Nana zawadi kwa mkono wa kushoto, au macho yake ndiyo yamezeeka? Mzee Bediako akaigeuza fimbo yake taratibu. Akasema jambo hilo linajulikana malipo yake. Ni kondoo mmoja na chupa mbili za pombe ya jini, na anayelipa ni mwenye mkono pamoja na aliyeutuma. Kisha akauliza, kwa sauti ile ya sokoni:

"Gari hili ni la nani?"

Nilimtazama Ampomah. Alikuwa bado mlangoni, na naona alikuwa anapima umbali kati yake na kondoo huyo.

"La Fosuaa," akasema. "Mimi nilikuwa naongea tu. Wazo lake, sumaku yake, ubao kachora yeye. Hata yai ni la bibi yake."

Sijawahi kumsikia Ampomah akitoa majibu sita sahihi kwa mfululizo.

Mwalimu Gyebi akajitokeza akiinamisha mabega. Akaomba radhi kwa niaba ya shule, akasema mtoto huyu ana tatizo tangu chekechea, wamejitahidi sana naye, na yeye binafsi ametumia kila njia. Hapo akawa ametumia kila njia isipokuwa kusema ni nani aliyeniweka chini ya meza. Mzee mnene akauliza hilohilo. Mwalimu akainama zaidi.

Nikajua wakimaliza kuongea gari litaitwa kosa, na Kumasi nitaisikia redioni. Mbele ya watu mia nne nisingeweza kusema neno, najijua. Lakini sikutakiwa kuwaambia watu mia nne. Nilitakiwa kumwambia mzee Bediako peke yake, na mzee Bediako, kwa ajili ya umri, huinamisha sikio karibu kabisa. Nikalisogelea sikio lile. Lilikuwa na nywele nyeupe ndani.

"Haukugusa," nikanong'ona.

"Nini hakikugusa, mjukuu wangu?"

"Mkono. Umeshika sumaku tu. Sumaku iko chini ya ubao, gari liko juu, havishikani. Sumaku inavuta misumari ya gari kupitia ubao. Ni kani isiyo ya mguso, mwalimu katufundisha. Na yai sikulishika kabisa, babu. Aliliweka Ampomah, kwa mkono wa kulia, na Nana akalichukua mwenyewe."

Mzee Bediako akanyooka. Nikasikia nilichokisema kikitoka upya, na kwa kweli hata mimi sikukitambua. Alisema mtoto anainamisha kichwa mbele ya kigoda. Alisema mkono wake ulikaa chini ya ubao kama mtumishi anayejua mahali pake, haukuinuka, haukunyooshwa, haukumfikia Nana. Zawadi ilipakiwa kwa mkono wa kulia wa mtoto wa kiume, ikasafirishwa na chuma kinachoitwa na chuma kwa njia ambayo mwalimu wake mheshimiwa amewafundisha, ikapokelewa na mkono wa Nana mwenyewe. Tangu kuondoka hadi kufika, hakuna kushoto kulikokutana na yai. Alipomaliza nilijisikia kama wakili wa miaka hamsini.

Mzee mnene hakukubali. Akasema mtu akimrushia yeye jiwe, mkono wa mtu huyo haujamgusa, je, amshukuru? Wazee wakatikisa vichwa, lilikuwa swali zuri. Nikarudi sikioni.

"Jiwe unalishika kwanza ndipo unalirusha," nikasema. "Hilo ni la mguso kabisa. Mimi sikushika kitu cha Nana."

Safari hii mzee Bediako alilirudisha kama lilivyo, bila kulipiga pasi. Nana akacheka, kicheko kifupi cha puani. Kisha akamgeukia mwalimu Gyebi, na safari hii hakupitia kwa msemaji.

"Wewe ndiye mwalimu wa sayansi. Anachosema huyu ni kweli au si kweli?"

Nilimwonea huruma, karibu. Upande mmoja kulikuwa na kondoo, na chupa mbili, na mshahara wa mwalimu unajulikana. Upande wa pili kulikuwa na mkono wangu. Akautazama, kwa mara ya kwanza bila rula. Akapangusa paji la uso.

"Ni kweli, Nana," akasema. "Kisayansi, mkono wa kushoto hauna kosa."

Mzee Bediako, kwa kuwa ndiyo kazi yake, akalipokea na kulitangaza hadi madarasa ya mwisho: mwalimu Gyebi anasema mkono wa kushoto hauna kosa. Nikatamani arudie. Darasa la sita walikuwa wanaongea, huenda hawakusikia.

Nana akampa mzee Bediako yai, maana chifu hali mbele za watu, na mzee Bediako akalitia mfukoni mwa joho, ambako natumaini alilikumbuka kabla hajaketi. Kisha Nana akasema uamuzi wake, na msemaji akauweka wazi. Kondoo abaki zizini. Na kwa kuwa shule nzima imesikia gari ni la nani, wakati lilipokuwa linaelekea kuwa kosa, haitakuwa vizuri mwenye gari abadilike sasa linapoelekea kuwa sifa. Fosuaa ndiye atakayekwenda Kumasi. Ampomah akapiga makofi pamoja na wengine. Naona alipiga kwa nguvu zaidi ya wote, kondoo alikuwa amempita karibu sana.

Bibi nilipomweleza jioni aliuliza kwanza habari za yai. Kisha akaushika mkono wangu wa kushoto, akaugeuza huku na huku kama anayekagua nyanya, akaniwekea ndani yake yai la kuchemsha na pilipili yake. Hakusema samahani, na mimi nikalila.

Jumatatu mwalimu Gyebi akaniita ofisini kujaza fomu ya Kumasi. Fomu ilikuwa na nafasi ya jina, shule, na sahihi ya mwanafunzi. Alitoa kalamu mfukoni, akaanza kuninyooshea, akasita. Akaiweka mezani, katikati kabisa, haikuelekea upande wowote. Kisha akaenda dirishani kuwaangalia mbuzi wa jirani, ambao hawakuwa wanafanya lolote.

Nikaichukua. Nilikuwa nimefika herufi ya pili ya jina langu nilipomsikia akigeuka, na nikajua bila kuinua kichwa kwamba ananitazama. Nilingoja kidogo mkono uiweke kalamu chini, kama kawaida yake. Haukuiweka. Ukaandika Fosuaa, ukapiga mstari chini.